Saksafoni ya Pili

Mwezi uliopita nilikuwa Mombasa, katika duka la vitu vilivyotumika, nikachukua santuri moja iliyokuwa imeachwa dirishani. Ilikuwa imeshika joto. Hata jina sikulisoma. Niliiinua nikainusa, na mwenye duka akanikodolea macho kama mtu aliyemwona mgeni akinusa sahani mezani. Harufu ile ya plastiki iliyopigwa na jua ilinibeba, ikaenda kuniweka Voi, katika nyumba za reli, nikiwa na miaka tisa na miguu iliyojaa vumbi jekundu.

Acheni niwasimulie. Kisa hiki sijapata kumweleza mtu yeyote chote.

Kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani na kula chakula cha mchana, Baba alifungua dirisha la sebule linaloelekea milimani, akaweka mezani kinanda chake cha santuri, kile cha kutumia betri. Baba alikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Alikuwa mtu mpole, asiyependa makelele, na alipokuwa akifuta sindano ya kinanda alizuia pumzi. Kazi ya kufuta haikuisha. Voi kila kitu hupakwa wekundu, mpaka ndovu wa mbugani, na Mama alizoea kusema kwamba tukikaa pale miaka kumi zaidi hata chai itatoka nyekundu bila majani.

Wageni walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mzee Odhiambo, dereva wa treni, mtu wa Kisumu, mrefu mpaka akainama mlangoni. Wa pili ni Sista Malemba, muuguzi kijana aliyetoka Mwanda, huko milimani kwetu, akaja kufanya kazi mjini na kukaa peke yake katika chumba kimoja ng'ambo ya reli. Kila mmoja alikuja na santuri moja chini ya kwapa. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kuiweka, mwenyewe awaambie wenzake wasikilize nini. Baada ya hapo hakuna kusema neno mpaka sindano ifike mwisho.

"Jazi si ya kusikia," Baba alisema. "Ni ya kusikiliza."

Baba alipenda piano. Sista Malemba alipenda tarumbeta, hasa ile iliyozibwa mdomo, inayolia kama mtu anayesema na wewe huku amejifunika kanga usoni. "Msiifuate tarumbeta yenyewe," alitushauri. "Ngojeni inaponyamaza, msikie mwenye ngoma anafanya nini." Mzee Odhiambo yeye alipenda bendi za kwao ziwani, zenye magitaa na saksafoni, na Baba alipomwambia kwa utani kwamba ile si jazi, ni dansi, alijibu, "Mwadime, jazi ya kukaa kwenye kiti ni ya wagonjwa. Muulize Sista." Sote tulicheka, naye Sista zaidi.

Mimi nilikaa mkekani, sikio karibu na kinanda. Jumapili moja Sista Malemba alinigeukia.

"Na wewe, Wakesho, umesikia nini?"

Nilitazama chini. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo. "Nimesikia mvua," nikasema. "Mvua ndogo kwenye mabati."

Baba alianza kutabasamu, lakini Sista alipiga paja lake. "Umesikia kweli! Mpiga ngoma huyu hatumii vijiti, anatumia brashi." Tangu siku hiyo nikawa mtu wa nne. Niliulizwa kila mara, nikajibu, na alasiri zikapita namna hiyo, pazia likipumua dirishani, milima ikibadilika kutoka kijani kuwa buluu, na mimi nisijue kama nimelala au niko macho.

Mzee Odhiambo alikuwa na santuri moja ndogo aliyoileta kuliko zote. Ushauri wake juu yake haukubadilika: "Saksafoni ni mbili. Msisikilize ya kwanza, huyo anajionyesha. Mngojeeni wa pili. Anachelewa kuingia, lakini akiingia, anaingia." Na kweli, karibu na mwisho wa wimbo, saksafoni ya pili iliingia nyuma kidogo ya wenzake, kama mtu aliyefika harusini akiwa na vumbi la safari, akacheza kuliko wote.

Wiki moja alimwachia Baba santuri ile. Jumamosi, Baba akiwa kazini na Mama ameenda sokoni, niliitoa kwenye jalada nikaona imejaa vumbi. Nilitaka kumfurahisha. Niliiosha kwa sabuni ndani ya karai, taratibu, kama ninavyomwosha mtoto uso, kisha nikaianika juu ya bati la banda la kuku. Ilikuwa saa sita. Mnalijua jua la Voi? Nilienda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nikaisahau, na niliporudi santuri ilikuwa imejikunja pembeni kama chapati iliyoachwa juani.

Niliilaza chini ya godoro langu nikakaa juu yake, nikidhani itanyooka. Haikunyooka. Nikaificha nyuma ya gunia la mahindi.

Kesho yake Baba aliitafuta kila mahali mbele ya wageni. Sista Malemba alikuwa amepita kwetu Jumamosi ile ile mchana kurudisha santuri nyingine, akaiacha mezani bila kukuta mtu, kwa hiyo Baba alimwuliza kwa adabu kama labda alizichanganya. Sista alinitazama. Nilikuwa nimekumbatia magoti, meno yakigongana katika lile joto.

"Niliichukua mimi," akasema. "Ikaniponyoka, ikavunjika. Nisamehe, Mzee."

Mzee Odhiambo akasema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "Yule wa pili ni Okoth. Mdogo wangu, tumbo moja. Alirekodi siku ile moja tu, kisha akaugua akatuacha. Sikuwaambia kwa sababu nilitaka mumpende bila kuhurumia."

Baba, aliyekuwa hajawahi kupandisha sauti, hakuipandisha hata siku hiyo. Alimwambia Sista, "Labda upumzike kidogo, Jumapili hizi." Sista aliondoka, akafunga mlango polepole, na mimi sikusema kitu.

Zikapita Jumapili nne. Kinanda kilipigwa, lakini hakuna aliyeniuliza nimesikia nini. Kisha Mama, akimsema mchuuzi mmoja aliyetuuzia maziwa yenye maji, akatamka, "Njia ya mwongo ni fupi," nami nikadondosha kikombe.

Siku iliyofuata nilitoka shule nikaichukua santuri nyuma ya gunia, nikaifunga kwa sweta, nikaenda nyumbani kwa Mzee Odhiambo. Alikuwa mlangoni akipaka viatu rangi.

"Karibu, mama. Umetumwa?"

"Sikutumwa." Nikafungua sweta. "Sista hakuivunja. Niliiosha mimi. Nikaianika."

Aliitazama santuri, akanitazama, akaitazama tena. Nilingoja kofi. Badala yake alinawa mikono, akaingia ndani, akaiweka kwenye kinanda chake. Sindano ilipanda na kushuka kama boti, ikaruka ikaanguka nje. Aliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili kukipa uzito, akajaribu tena, kila mara akisogea ndani zaidi. Mwanzo wote wa wimbo ulikuwa umekufa. Lakini karibu na katikati, pale ambapo jua halikupakunja sana, muziki ulishika. Ulikuwa unayumba, sauti ikipanda na kushuka, na ndani ya kuyumba kule saksafoni ya pili ikaingia, imechelewa kama kawaida yake.

Mzee Odhiambo alifumba macho. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha, ghafla, akacheka.

"Anapiga kama amelewa," akasema. "Hata zamani walimlaumu kwa hilo hilo."

Alinishika mkono, tukavuka reli pamoja mpaka chumbani kwa Sista Malemba. Tulimkuta anapepeta mchele. Nilisema yote pale pale, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Alinisikiliza bila kunikatiza, akanipa maji, akamwambia Mzee, "Basi mwambie Baba Wakesho Jumapili naleta tarumbeta." Jumapili hiyo Baba alimwomba Sista radhi akiwa amesimama wima, kofia mkononi. Mimi niliadhibiwa kuteka maji mwezi mzima, na sikutolewa mkekani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kiini cha kisa hiki ni dhambi yangu na ujasiri wangu wa kuikiri. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipomtembelea Sista Malemba Mwanda baada ya yeye kustaafu, nikamwuliza kwa nini alibeba mzigo ule.

"Niliiona santuri juu ya banda siku ile," alisema. "Nikasema nikupigie kelele, lakini zamu yangu ilikuwa imefika, nikapita mbio. Kwa hiyo na mimi nilikuwa na sehemu. Halafu nilijua wangekutoa chumbani. Mimi nikiwa msichana hapa, wanaume wakipiga ngoma, tulifukuzwa kama mbuzi. Hakuna aliyeniuliza nasikia nini mpaka nilipofika kwenu."

Nikamwuliza alifanya nini Jumapili zile nne.

"Nilikaa kwenye ngazi za chumba changu," akasema. "Upepo ukija kutoka upande wenu, zilinifikia ngoma na besi tu. Tarumbeta niliijazia mwenyewe kichwani."

Alisema hivyo kwa wepesi, akinimiminia chai.