Mwito wa Pili

Nilipokuwa mtoto, kwetu mlimani hakuna mtu mwenye akili aliyeitika mwito wa kwanza. Ukisikia unaitwa kutoka upande usiouona mtu, ulinyamaza. Kama ulikuwa unakata majani ya ng'ombe, uliendelea kukata. Aliyekuita akiwa binadamu ataita tena, na hapo ndipo uliitika. Asipoita tena, ulibeba mzigo wako ukaenda nyumbani bila kugeuka nyuma. Jioni ulimsimulia bibi, naye aliuliza sauti ilitokea wapi, ingawa jibu alilijua. Ilitokea mpungi.

Mpungi ulikuwa msitu mdogo wa ukoo, juu ya kijiji, mahali ukungu ulipochelewa kuondoka. Hakuna aliyekata kuni humo. Hata wazee wa usharika, ambao Jumapili walituongoza kuimba kwamba hatuna hofu, Jumatatu waliuzunguka kwa njia ndefu. Bibi, mama mzaa mama yangu, ndiye aliyenilea. Aliimba kwaya ya kina mama na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Alisema walioko mpungi si wabaya. Walikuwa watu wetu, sasa wamebaki sauti tu. Wana pumzi moja ya kuita, ya pili hawana.

"Miguu yao imesahau njia," alisema. "Ndiyo maana wanakuita wewe uende."

Mama yangu alikuwa Dar es Salaam, akishona mashati kiwandani. Baba sikumjua, na nyumbani jambo hilo lilizungumzwa kwa upole kiasi kwamba sikuona pengo. Pengo nililoliona ni la mama. Alikuja kila Krismasi. Tulishuka hadi barabarani kungoja Landrover ya kutoka Same, naye aliteremka akiwa na vumbi la tambarare kwenye nyusi, na usiku nililala nimeshika pindo la kanga yake. Kisha aliondoka, nami nikaanza kungoja upya. Kungoja ndiyo kazi niliyoijua mapema kuliko kusoma.

Nikiwa darasa la tatu, mjomba Elisante alipanda kutoka Same na simu aliyoituma mama. Ilikuwa ndogo, ya vitufe, yenye tochi kichwani. Mjomba, aliyependa kuongea kama mtu anayehutubia, alitangaza kwamba kuanzia siku ile umbali umekwisha. Bibi atamsikia binti yake kana kwamba yuko jikoni. Bibi akauliza kama atamwona pia. Mjomba akasema hapana, sauti tu.

"Sauti tu," bibi alirudia polepole, kama anayeonja chumvi, akaendelea kuchambua maharage ya makande.

Shida ilikuwa neti. Kijijini haikushika. Mjomba alizunguka na simu mkononi, ameinua mkono kama anayeomba ruhusa kwa mwalimu, akapanda vichuguu, akasimama juu ya ukuta wa zizi, mpaka akaipata mahali pamoja tu: kwenye jiwe bapa lililopakana na mpungi. Kijiji kilicheka siku nyingi. Jirani yetu alisema kumbe wale wa msituni wana mnara wao, na sisi tulikuwa tunawakimbia bure. Bibi hakucheka.

Mama alipanga kupiga Jumapili baada ya ibada. Mjomba alikuwa amesharudi mjini, kwa hiyo tulipanda mimi na bibi peke yetu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwambia mama kwamba jino langu la mbele limeng'oka na kwamba sikulia. Simu ikalia. Bibi akabonyeza kitufe cha kijani kama alivyofundishwa, akaiweka sikioni, nami nikamsikia mama, mdogo sana, kama nyuki ndani ya kopo.

"Haloo? Haloo? Mnanisikia?"

Bibi alinyamaza. Aliutazama mpungi, akaitazama simu. Nilimvuta kanga. Mama akasema haloo mara kadhaa, kisha sauti ikakatika.

Nilimuuliza kwa nini hakuitika.

"Hajaniita."

Nikasema ni mama, nimemsikia kwa masikio yangu.

"Sauti ni yake," bibi alisema. "Lakini huyo Haloo ni nani? Mwanangu anajua anavyoniita."

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata pia. Kule Dar mama aliamini neti ya milimani ni mbovu. Huku juu bibi alisubiri aitwe, tena aitwe mara mbili, kama mtu anavyomwita mtu. Sikuweza kumnyang'anya simu. Kwetu mtoto hakufanya hivyo. Nilishuka kila mara nikilia, bibi akitembea mbele yangu bila kunikaripia. Leo nadhani na yeye alikuwa analia kwa namna yake. Alimtaka binti yake kuliko nilivyomtaka mimi, ila alitaka awe ni yeye.

Sijui nani alimkumbusha mama. Pengine hakuna. Jumapili moja alianza na haloo zake, akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu, nikadhani imekatika. Kisha ikatoka ndani ya kile kisimu sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti ya msichana aliyesimama ng'ambo ya bonde akiwa na mzigo wa kuni kichwani: "Maamaaa!" Bibi hakupumua. "Maamaaa!"

"Eee, mwanangu!" bibi aliitika, kwa nguvu hata hondohondo wakaruka kutoka mpungi.

Walicheka wote wawili. Mama alisema wenzake wa chumba wameshtuka wakidhani kuna moto. Waliulizana habari za ng'ombe, za kifua cha bibi, za tangawizi shambani. Zamu yangu ilipofika nilishika simu kwa mikono miwili nikasema, "Mama, jino," na salio likaisha. Maneno mengine yalibaki pale lilipokuwa jino.

Tukiwa njiani kurudi nilitegemea bibi awe na furaha. Alikuwa amepoa. Tulipofika mferejini alisimama kuosha miguu, akasema, si kwangu hasa, "Sauti ikishaijua njia, miguu huisahau."

Niliogopa. Nilidhani anamfananisha mama na wale wa msituni.

Krismasi hiyo mama alikuja. Iliyofuata alipiga. Wakati huo mnara wa kweli ulikuwa umejengwa kilima cha pili, na simu ilishika hata penye mafiga. Alisema kiwandani wamebana likizo na mabasi yamejaa. Aliongea na kila mmoja. Tuliipitisha simu mkono kwa mkono kama kata ya maji, hata jirani akapata zamu ya kumsalimia. Ilikuwa furaha ya kweli. Ila tulipokata, nyumba ilinyamaza kuliko ambavyo ingenyamaza asingepiga kabisa. Mwaka mwingine alikuja, miaka miwili hakuja. Kila mara alitoa sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Nami nilijifunza kulala bila kushika kitu.

Sitaki kuisingizia simu. Bibi alipougua, ni simu iliyomfikia mama kwa wakati, akafika bibi akiwa bado anaweza kumtazama. Bila ile sauti ndogo angekuta kaburi. Na mama naye hakutuacha. Alifanya kama tunavyofanya wote: ukishatuma kitu kizuri badala yako, mwili hupata ruhusa ya kupumzika.

Macho ya mama yalipochoka na cherehani alirudi mlimani, kwenye nyumba ileile. Mimi niko Same, nina duka la simu karibu na stendi. Vijana huja kununua za kuwapelekea wazazi wao Kihurio, Kisiwani, na huko juu mlimani. Mmoja aliigeuza simu mkononi akaniambia kwa furaha, "Mama, na hii inaonyesha mpaka sura. Hata nauli sitatumia tena." Nilimfungia simu yake kwenye boksi nikamtakia heri. Ningemwambia nini? Mama yangu nilimpelekea kama hiyohiyo. Kila Jumapili nilimwona usoni, akaniona, nikajihesabu mtoto mwema.

Kisha akaanza kuiacha ilie. Nilipiga, haikupokelewa, nilipiga tena, akapokea. Nilicheka nikasema mama amezeeka sasa, amekuwa bibi. Lakini Jumapili moja masika haya nilipiga mara ya pili, na ya tatu, haikupokelewa. Nilifunga duka. Bodaboda ilipanda ikiteleza kwenye utelezi wa udongo mwekundu, na kila kona niliyoipita, akilini nilikuwa nimeshafika, nimeshamkuta sakafuni.

Nilimkuta kizingitini mwa jiko akipukuchua mahindi. Simu ilikuwa kando ya ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nakunda mwanangu."

"Simu hukuisikia?"

"Niliisikia." Alimimina punje kwenye ungo. "Nilitaka kuona kama bado una miguu."

Nilikaa, nikachukua hindi. Tulipukuchua mpaka kapu likaisha, na nikaona mambo ambayo kioo cha simu hakikuwahi kunionyesha: kwamba akiinuka hushika ukuta, kwamba juu ya kitanda chake bati linavuja na amesogeza mto upande wa miguuni. Nilikuwa nikiuona uso wake kila wiki. Sikuwa nimeuliza uso huo umesimama juu ya nini.

Jua lilipoanza kushuka niliaga, nikiahidi fundi wa bati na kurudi Jumapili ijayo. Alisema sawa, kwa namna mama anavyosema sawa. Dereva wa bodaboda alikuwa amenisubiri. Tulipofika kona inayotazamana na nyumba yetu, ng'ambo ya bonde, ukungu ulikuwa umeshateremka kutoka mpungi na sikuona hata paa. Hapo nikasikia.

"Nakundaaa!"

Kijana akapunguza mwendo. "Mama, unaitwa."

"Simama. Ngoja kwanza," nilimwambia.

Akazima injini, akanitazama kama mtu asiyeelewa. Bonde likanyamaza. Nilitega sikio kama sijawahi kutega, nikiwa mtu mzima mwenye duka, mikono imeshika pindo la kanga yangu mwenyewe. Najua iko siku nitasimama hapa na mwito wa pili hautakuja.

Siku ile ulikuja. Niliitika mpaka koo likauma.