Mabakuli Sita ya Duka la Randburg

Bukavu nilikuwa mwalimu. Johannesburg nikawa muuza vyombo, katika duka moja la Randburg, kwa mzee aliyeagiza vyombo vya kauri kutoka Japani. Hiyo ilikuwa 2017.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alinieleza jinsi bakuli la udongo mweupe linavyochomwa, likachorwa kwa brashi na rangi ya bluu, likachovywa katika uji mwembamba ambao moto wa tanuri huugeuza kuwa kioo. "Ligeuze," alizoea kusema. "Kitakoni utaona kazi ya fundi." Nikageuza mamia, hadi ikawa yeye ndiye anayeniuliza mimi.

Siku moja tulifungua mzigo mpya. Mabakuli sita yenye majani ya mianzi, na kadi ndogo ikisema yamechorwa kwa mkono. Niliyapanga mezani. Jani la tatu lilikuwa na kovu dogo ukingoni, na kovu hilo lilikuwa kwenye yote sita, mahali palepale. Hakuna mkono unaoteleza namna moja mara sita. Michoro ilibandikwa kwa karatasi ya chapa.

Nilimwonyesha. Hakushangaa, nikajua alikuwa ameshaona.

"Yaweke dirishani," akasema.

"Na kadi?"

"Na kadi."

Wiki hiyohiyo akaingia mama mmoja kutafuta zawadi ya harusi ya bintiye. Akainua bakuli kwa mikono miwili, akaniuliza, "Haya yamechorwa na mtu kweli?"

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni chapa."

Akalitazama tena, akacheka kidogo. "Basi, nani atajua?" Akachukua yote sita. Niliyafunga mimi, moja moja, kwenye karatasi laini.

Mlango ulipofungwa, mzee akanyoosha mkono nimpe ufunguo wa duka. "Nilikufundisha ili uuze," akasema, bila hata kupandisha sauti.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu, ambaye ni fundi cherehani. Hakuinua macho kutoka kwenye mashine. "Sasa ukweli wako umemsaidia nani?"

Nilikaa miezi bila kazi, kisha nikapata ya kusafisha ofisi Marshalltown. Huko niliosha vikombe vya watu miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninajua nini.