Picha Tulizoapa Kuwa Hazipo

Duka la mama mdogo liko kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu. Kazi yetu ni kupiga picha za kupamba, ile sherehe ya wanawake pekee ambapo bibi harusi huonyeshwa kwa mapambo yake yote, mabuibui yakavuliwa na simu zikaachwa mlangoni. Mwanamume haingii, na picha nazo si za kila jicho. Familia ikishachukua albamu, mama wa bibi harusi huja dukani, huketi kwenye kiti kilicho kando ya kompyuta, nasi hufuta kila kitu mbele ya macho yake. Wapo wanaopiga picha nzuri kuliko sisi. Wateja wanatujia kwa sababu ya ahadi hiyo moja.

Programu ya kuhifadhi picha niliiandika mimi, na nilijiona fundi kwelikweli. Niliweka hata kitufe chekundu cha kufuta, ambacho akina mama walipenda kukibonyeza wenyewe.

Alhamisi moja kompyuta iligoma. Diski imejaa, ilisema, na Jumamosi tulikuwa na kupamba kubwa mtaani Bondeni. Nilishangaa. Tumefuta harusi za miaka minne, diski imejazwa na nini? Nikatazama ile faili ya hifadhidata, ambamo picha na video zote hukaa, nikaona haijapungua hata mara moja. Ilikuwa ikinenepa tu.

Nikampigia simu jirani yetu, bwana mmoja wa bara anayeshughulikia kompyuta katika ofisi fulani bandarini. Alikuja alasiri, bado amevaa tai.

"Hodi, mama."

"Karibu baba, lakini mwisho wako ni hapo barazani," mama mdogo alimjibu, akashusha pazia la mlango. "Mashini hiyi imejaa wake za watu."

Basi mtaalamu wetu akaketi kwenye baraza ya nje, akapewa kahawa, akawa anafanya kazi kwa masikio. Mimi nilimsomea yaliyo kwenye skrini, yeye akanitajia ya kuandika. Watalii waliotoka Ngome ya Yesu walipita wakimkodolea macho mwanamume anayebishana na pazia.

"Hicho kitufe chako ulikiambia kifute nini?"

"Picha," nilisema kwa ukali kidogo. Sipendi kuulizwa maswali ya darasa la kwanza.

"Nisomee ulivyoandika."

Nikasoma. Nikasikia kikombe kikitua kwenye kisahani.

"Dada, umekuwa ukifuta majina kwenye orodha. Picha zenyewe ziko pale pale, ila hazina mwenyewe."

Uso uliniwaka. Mama mdogo aliuliza, "Asemaje huyo?" Nikamweleza bila kuficha. Laiti angenifokea! Alikaa polepole kwenye kile kiti cha akina mama.

"Kwa hivyo nimewaapia watu urongo miaka yote hiyi." Kisha akaligeukia pazia. "Zatoka ama hazitoki?"

"Zinatoka, mama. Tutazitafuta zote zisizo na jina, tuzifute. Lakini hata zikifutwa, nafasi yake inabaki imefungiwa ndani ya faili. Itabidi kompyuta inakili zile halali kwenye faili mpya, ndipo iitupe ya zamani. Ni kama kuhama, lazima upate nyumba ya pili kwanza."

Jirani akapenyeza diski ndogo aliyokuja nayo chini ya pazia ili itumike kwa uhamisho. Mama mdogo aliiokota kwa vidole viwili.

"Baba, hiyi usiihesabu tena kuwa yako. Ikishaingia wake za watu, haitoki humu."

"Nimeelewa, mama."

"Kesho ntakupikia biriani."

Orodha ya picha zisizo na jina ilijaza skrini, ikashuka, ikaendelea kushuka. Jirani alinitaka nifungue moja kwanza, nihakikishe ni zenyewe. Nikafungua yoyote.

Alikuwa bibi yangu, mama yake mama mdogo. Tangu tumzike hatukuwa na picha yake hata moja, maana maisha yake yote alikataa kupigwa. Hata sisi tukimwelekezea kamera, alificha uso kwa leso yake ya kujitanda. Sasa alikuwa pale nyuma ya bibi harusi wa watu, leso kaifunga kiunoni, mkono mmoja juu, amecheka mpaka pengo linaonekana. Bila shaka hakuiona kamera.

Mama mdogo aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Nami nilikuwa nalia tayari.

"Mama, hii moja tuibakishe," nilisema. "Nitakwenda mwenyewe kwa wenye harusi, niwaombe ruhusa."

"Wenye harusi watatoa. Na mwenye uso wake je? Ruhusa yake yeye utakwenda kumuomba nani?"

Nje jirani aliuliza, "Mbona kimya? Mmefika wapi?"

"Ngoja, baba," mama mdogo alisema. Alitazama kwa muda mrefu, akaupitisha mkono kwenye skrini kana kwamba anapangusa vumbi. "Haya. Futa."

Nikafuta. Zote. Faili mpya ilipokamilika ilikuwa chini ya robo ya ile ya kwanza, na jirani alishangilia peke yake huko barazani kama timu yake imefunga bao.

Ijumaa tulizunguka nyumba za wateja kuwaambia ukweli. Mmoja alituacha tumesimama mlangoni. Waliobaki walitukemea kwanza, kisha wakatulisha haluwa mpaka tukashindwa kutembea.

Jumamosi tulikuwa kazini Bondeni. Mama mdogo ana sheria kwamba mpiga picha hachezi, na kwa miaka yote sijamwona akiivunja. Jioni hiyo ngoma ilipokolea alinikabidhi kamera yake, akajifunga leso kiunoni, akaingia katikati ya wanawake. Mkono mmoja juu, kichwa nyuma, anacheka. Kamera zote mbili nilikuwa nazo mimi, na diski ilikuwa na nafasi tele. Nikazishusha, nikamtazama.