Mufu Mwenye Kukaa mu Kiti

Watu wa Salamabila wakiniuliza kwa nini niliacha mikro, ninawajibu koo linaniuma. Ni uongo. Koo ni zima.

Na Kingereza sijui. Salamu na matusi mawili, basi. Lakini miaka mine nzima nilikuwa Papa Clovis, mutafsiri wa filme za Kingereza. Nilitoka Kasongo kuja huku Salamabila kutafuta zahabu, mugongo ukanishinda mu shimo, nikabaki na mudomo tu. Mwenye cine, nyumba ya kuonyesha filme, akanipa mikro ya kusemea. Picha inapita, mimi nasema. Watu wanacheka, nani atakuuliza cheti?

Kulikuwa filme moja ya kuchekesha: mwanaume anakufa mu ajali ya basi, kisha anarudi kwa muke wake. Haina kichwa wala miguu. Mufu anapita mu ukuta, lakini akifika anakaa mu kiti, anakula, tena anamwaga muchuzi. Déo, muchimbaji mwenye kubishana na kila kitu, akasimama katikati ya watu: kama ukuta haumuzuii, kiti kinamubeba namna gani? Nikamujibu kwamba kiti alikichonga mwenyewe, kinamujua. Watu wakacheka mupaka machozi. Déo hakutosheka. Wale wengine waliokufa naye mu basi, mbona hawarudi?

Ningesema sijui. Lakini wee, kusema sijui mbele ya watu kulikuwa kunaniuma kuliko jino. Nikasema wale hawakuoshwa vizuri. Mufu aliyeoshwa na mikono ya muke wake, siku ya saba anarudi. Makofi yakapigwa, Déo akakaa. Nilirudi nyumbani kifua mbele, mupumbafu mimi.

Kisha siku nane kupita, asubuhi, Mama Malaika akafika kwangu. Bwana yake Abdoul, shimo lilimufunika miaka mbili imepita, na mwili haukupatikana hata leo. Sikujua kama ile siku na yeye alikuwa mu cine. Nikamupa kiti, akakataa. Mukononi alikuwa na shati ya mwanaume, imekunjwa vizuri.

Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini. Mwili hakuwa nao, kwa hiyo alichukua shati ambayo Abdoul alivua ile asubuhi ya mwisho, akaiosha sawa vile mufu anavyooshwa kwao Waislamu, mara tatu, na maji ya kafuri. Jana ilitimia siku ya saba. Alipika, akaacha mulango wazi tangu asubuhi mupaka jua likazama.

"Nilikosea wapi, Papa Clovis?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mu mudomo wangu: maji yalikuwa kidogo, siku hazijatosha. Ulimi hauna mufupa. Lakini alikuwa ananitazama vile mugonjwa anatazama munganga, na haya ikanishika.

"Mama, hukukosea kitu," nikamwambia. "Mimi Kingereza sijui. Yale maneno niliyatunga mwenyewe, juu watu wacheke."

Hakulia. Hakunitukana; angenitukana ningemushukuru. Alileta shati kwenye pua, akavuta pumzi, akaishusha polepole.

"Miaka mbili sikuifua," akasema. "Ilikuwa ingali na harufu yake."