Mwezi wa Joto, Duka la Barafu Lafungwa

"Mzee, maji yako yameingia mlangoni kwangu," anasema Chizuru Nakagaki bila kusimamisha msumeno.

"Yameingia kwa sababu nimeyatuma," anajibu Tatsuzo Horii, ndoo tupu mkononi.

Ni saa kumi na mbili kasoro asubuhi na tayari shati la mzee limegandamana mgongoni. Katika kichochoro hiki cha Nishijin, mjini Kyoto, kila mtu hufagia na kunyunyiza maji mbele ya nyumba yake, kisha huongeza kiasi cha kiganja upande wa jirani. Ukipunguza hapo, wewe ni mchoyo. Ukizidisha, umemwambia jirani kwamba bado amelala. Leo Mzee Horii amemwaga ndoo nzima hadi kwenye kizingiti cha duka la barafu, na kina mama wawili wanaofagia ng'ambo wamepunguza kasi ya fagio zao ili wasikie vizuri.

Chizuru, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, hajalala. Amekuwa kazini tangu saa kumi. Amevaa buti za mpira na aproni nzito, taulo lililoloweshwa limezungushwa shingoni, na mbele yake pande la barafu lenye urefu wa mtoto wa shule linageuka matofali chini ya msumeno. Mumewe, Shigeo, ameshaondoka na gari kupeleka shehena ya kwanza kwenye migahawa ya kando ya mto. Hakuusubiri ugomvi. Aliuona ukija tangu jana kikaoni.

Kinachogombaniwa ni sikukuu ya Jizo, yule mlinzi wa watoto mwenye sanamu ya jiwe katika kijumba kilichoko kwenye kona. Sikukuu ni kesho, Jumamosi. Mwaka huu zamu ya kuongoza mtaa imemwangukia Chizuru, na hadi asubuhi hii hakuna anayejua watoto watakaa wapi.

Jana kikao kilipendekeza ukumbi wa shule, wenye kiyoyozi na viti. Jizo abaki kwenye kijumba chake, na ukumbini iwekwe picha yake. Mzee Horii, mfumaji mstaafu wa miaka themanini na minne ambaye ndiye mtunza ufunguo wa kijumba, alisimama akatoka bila kuaga.

"Picha," anasema sasa, kana kwamba ametema kitu kichungu. "Mtawaketisha watoto mbele ya picha. Si afadhali basi mtume ujumbe kwa simu?"

"Picha halikuwa wazo langu."

"Ulinyamaza. Kiongozi akinyamaza, limekuwa lake."

Chizuru anazima msumeno. Anamkumbusha kwamba nje kesho patakuwa na nyuzi thelathini na saba, na kwamba Ayane Tsukada, mama wa Koharu, ameshasema hadharani hatamleta mwanawe kukaa juu ya lami. Wazazi wengine wanamtazama yeye. Mtaa huu una watoto tisa tu. Asipokuja mmoja, hawaji wote, na mwaka usio na watoto ndio mwaka wa mwisho. Kichochoro cha nyuma yao kiliacha hivyohivyo. Baada ya miaka miwili, Jizo wao alipelekwa hekaluni, akapangwa ukutani pamoja na wenzake wasio na mitaa.

Mzee anajua yote hayo. Ndiyo maana anapiga mahali panapouma.

"Koharu hakuanguka kwa sababu ya jua," anasema. "Alianguka kwa sababu ya barafu yako."

Fagio za ng'ambo zinasimama kabisa.

Ni kweli, na Chizuru hakatai. Mwaka jana alitaka kuwafurahisha watu. Alipanga nguzo nne za barafu ndani ya hema la sikukuu, ndani yake amegandisha maua kama walivyofanya wazazi wake kwenye nyumba za wakubwa, kisha akashusha mapazia ya plastiki ili baridi isitoroke. Kufikia adhuhuri nguzo zilikuwa zimeyeyuka, maji yamesambaa juu ya lami yenye moto, na mvuke umepanda na kukosa pa kutokea. Hema likageuka sufuria lenye kifuniko. Koharu, wakati huo akiwa na miaka sita, alianguka katikati ya wimbo. Alipona jioni hiyohiyo, lakini mama yake hakusahau.

"Jasho lisipokauka, mtu hapoi," anasema Chizuru. "Nimezaliwa kwenye barafu na nilisahau jambo ambalo kila mfua nguo analijua. Sirudii. Ndiyo maana hema silitaki mwaka huu, na lami siitaki."

"Basi unataka nini?"

Chizuru anawasha tena msumeno.

Duka hili lilianzishwa na babu yake, wakati barafu ilipokuwa njia pekee ya kupoza samaki na wagonjwa. Mama yake ndiye aliyeweka kaunta ya barafu ya kusaga yenye sharubati, na kaunta ndiyo inayowalisha hadi leo, kwa kuwa migahawa mingi ina mashine zake. Katika miezi ya joto wanabaki na yen laki nne hivi kwa mwezi. Wakati wa baridi hawafikii hata laki moja, na Shigeo huenda kupakia mizigo sokoni.

"Watu wananiona mahali pa baridi, wanadhani nimestarehe," anasema huku akinyoosha vidole vilivyopinda kwenye viungo. "Waje Februari."

Kazi yenyewe haina haraka. Barafu ya kula haisagwi ikiwa imetoka sasa hivi kwenye chumba cha baridi. Hutolewa mapema, ikae, ilegee, hadi ule ukungu mweupe uondoke na pande ling'ae kama kioo cha dirisha. Ikisagwa kabla ya hapo huwa chengachenga, inakwaruza ulimi. Ikingojewa, huanguka kwenye bakuli kama unyoya. Wageni hupanga foleni hadi kwenye kona kwa ajili ya unyoya huo, na Jumamosi moja ya Agosti hulipia umeme wa chumba cha baridi kwa mwezi mzima.

Mzee Horii hajaondoka. Amegeuza ndoo na kuikalia, mlangoni, kama mdai. Anamwambia Chizuru kwamba alipokuwa na miaka mitatu aliukojolea mkeka wa Jizo, na leo anataka kumpangia pa kulala.

"Na wewe ndiye uliyeufua, Mzee. Mtaa mzima unajua. Huna haja ya kutukumbusha kila Agosti."

Mmoja wa kina mama wa ng'ambo anacheka, kisha anajifanya anakohoa.

Saa moja kasoro robo wanakuja watoto. Wametoka kwenye mazoezi ya viungo ya asubuhi, yale yanayoongozwa na redio katika bustani ya mtaa, kila mmoja ana kadi yake ya mahudhurio shingoni. Ni desturi yao kupitia hapa. Chizuru hukusanya vipande vinavyoruka kwenye msumeno, huviosha na kumpa kila mtoto kimoja. Halipwi. Mama yake hakulipwa pia.

Wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sakafu ya duka ni ya saruji, na nyuma yake kuna ukuta wa chumba cha baridi. Hata mchana wa moto haipiti nyuzi ishirini na nne. Koharu analala chali. Wengine wanakaa, miguu imenyooshwa, mashavu yamevimba kwa barafu, wote wametazama nje kichochoroni. Hakuna aliyewapanga. Wamekaa kwa safu, kama watoto wanavyokaa mbele ya Jizo.

Ayane anafika nyuma yao na mfuko wa kwenda kazini begani. Anamwinamia mzee, anamwinamia Chizuru, na anasema alilokuja kusema, kwa upole usioacha mlango wazi.

"Mama Barafu, mniwie radhi. Nje simleti. Hata mkiweka feni kumi, simleti."

"Na hapa je?" anauliza Chizuru.

"Hapa wapi?"

"Hapa alipolala sasa hivi."

Ayane anamtazama mwanawe. Koharu amebandika shavu sakafuni na amefumba macho. Mama anatazama dari, anatazama mlango mpana wa bati unaofunguka wote kuelekea barabarani, anauliza kama hewa itapita. Chizuru anamwambia itapita, kwa kuwa mlango hautafungwa na barafu haitawekwa humu ndani, itabaki chumbani. Ayane anafikiri kidogo. Anasema kama ni hivyo, atamleta, na atawapigia simu wazazi wengine akiwa njiani.

Mzee Horii amesimama. Hasemi sitaki, na kwa wanaomfahamu hilo ni jambo kubwa. Anasema Jizo si mteja. Hawezi kuwekwa pembeni ya mashine ya kusaga barafu, wageni wanapita na bakuli za sharubati, wanapiga picha juu ya vichwa vya watoto. Mkufu mrefu wa shanga za sala, ambao watoto huuzungusha mkono kwa mkono, unahitaji duara kamili, na duara halitoshi hapa penye mabenchi.

"Mabenchi yanatoka," anasema Chizuru.

"Na kaunta?"

"Nafunga kaunta."

"Kesho? Jumamosi?"

"Leo na kesho. Migahawa itapata barafu yake alfajiri kama kawaida. Wanaokuja kula hapa watanisamehe."

Mzee anaitazama kaunta. "Mama yako hakufunga hata siku tuliyomzika baba yako."

"Mama alikuwa na watoto arobaini mtaani," anasema Chizuru. "Mimi nina tisa."

Mzee anaokota ndoo yake, anaiweka tena chini, kisha anauliza kama sakafu itapigwa maji kwanza, kwa sababu ina unga wa barafu uliotoka kwenye msumeno.

Chizuru anampigia Shigeo simu. Upande wa pili inasikika injini ya gari. Shigeo anasema wageni wa Jumamosi hawatarudi Jumapili, wakishakosa hapa watakwenda kwingine. Chizuru anamwambia anajua. Shigeo anasema basi mashine asiibebe peke yake, amsubiri, mgongo wake si wa msichana.

Hamsubiri. Kina mama wa ng'ambo wanaweka fagio ukutani na kuja. Mmoja anashika upande wa pili wa mashine, mwingine anatoa mabenchi, watoto wanabeba bakuli mbilimbili hadi jikoni. Sakafu inapigwa maji na kukaushwa. Meza ya msumeno inasuguliwa kwa chumvi na kutandikwa kitambaa cheupe alichokwenda kukichukua mzee nyumbani kwake, kitambaa cha hariri alichokifuma mwenyewe na ambacho hakuwa amekitaja kwenye kikao.

Kisha wanakwenda kwenye kona. Mzee anafungua kijumba. Jizo ana urefu wa mtoto mchanga, na rangi ya uso wake imechujuka kwa mvua za mwaka mzima. Leo ndiyo siku ya kumwosha na kumpaka upya, na kazi hiyo ni ya watoto. Chizuru amekuja na kigari cha kusukumia barafu.

"Kitoe hicho," anasema mzee. "Huyu si pande la barafu."

Chizuru anakisukuma kando. Anapiga goti, anamkumbatia Jizo chini ya mabega na kusimama naye, kama alivyosimama na barafu kila alfajiri kwa miaka arobaini. Anatembea katikati ya kichochoro. Mzee Horii anatangulia kinyumenyume, amefungua mwavuli na kumkinga Jizo jua, yeye mwenyewe kichwa wazi.

Mmoja wa kina mama anapomuuliza anatarajia nini, Chizuru anajibu akiwa bado anahema.

"Mwakani zamu ni ya Ayane. Lakini sakafu ni hii, na mlango ni huu. Nataka Jizo alale hapa kila Agosti hadi hawa wawe na watoto wao. Mtaani kukirudi watoto ishirini, nitavunja ukuta wa mbele."

Jizo anawekwa juu ya meza. Mzee anasogea nyuma, anafumba jicho moja kama anayekagua kitambaa, anaagiza ageuzwe kidogo kushoto, aone barabara yote. Koharu anapewa brashi ya kwanza.

Nje, wasichana wawili waliovaa mavazi ya kiangazi wameshasimama penye foleni isiyokuwapo, simu mkononi. Mmoja anauliza kama wamewahi mno. Chizuru anatoka na ngazi fupi, anaiegemeza ukutani na kupanda hadi kwenye bendera nyeupe yenye herufi nyekundu ya barafu, ambayo kila mwaka huning'inia hapo kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba.

"Leo na kesho hatuuzi, wanangu," anawaambia. "Tuna mgeni."

Anaifungua kamba, anaishusha, na kuikunja begani.