Kambare Ndani ya Gorfa

Upumbavu nilioanza nao ni huu: nilitia kambare ndani ya gorfa ya mama. Gorfa ni chombo cha maziwa, cha kusukwa kwa mizizi. Hiyo yake alisukiwa na nyanya alipoolewa, na bado alikuwa anaifukiza moshi wa kuisafisha ingawa ng'ombe wetu wote waliisha kiangazi hiki cha themanini na nne. Sisi Waborana wa hapa samaki hatuli, hata nyumbani haingii. Lakini mimi nikaona chombo kitupu ni chombo kitupu.

Mwalimu wa bayolojia alitaka samaki wa kutufundishia oda, yaani makundi ya wanyama. Nikaomba lifti ya lori mpaka Gotu, mto umebaki vidimbwi, nikamtoa mmoja kwenye tope kwa mikono.

Darasani mwalimu alifurahi kama mtu aliyeletewa mahari.

"Ana mifupa, si gegedu kama papa. Magamba hana. Mfupa wa taya la juu umebaki kijiti tu cha kushikilia sharubu. Haya, oda gani?"

"Oda ya machifu, mwalimu," nikajibu. "Ona ndevu, ona tumbo."

Darasa lote likacheka. Mimi hapana. Tangu ng'ombe wa mwisho aanguke nyuma ya nyumba yetu Kiwanjani, mzaha unanitoka kama kikohozi. Moyoni sisikii kitu.

Jioni hiyo mjomba akafika kutoka Kinna na ng'ombe wa maziwa wa kutuazima, vile jamaa humfanyia aliyeishiwa. Mama akashusha gorfa niliyokuwa nimeirudisha mahali pake, akafungua kifuniko, akanusa. Akaiweka motoni. Tukaitazama ikiungua, na mimi nikitazama kama ya watu wengine.

Mjomba akautazama moto, akamtazama ng'ombe wake. Nani anaacha ng'ombe kwa nyumba inayotia samaki kwenye gorfa?

"Dada," akasema, "nimwache kweli, ama nirudi naye?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe. "Mjomba, mwalimu anasema samaki na ng'ombe wote wana uti wa mgongo. Ni jamaa."

Hakuna aliyecheka. Mama akachukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akausuuza, akachuchumaa kando ya ng'ombe.

"Mwache, ndugu yangu. Maziwa watakunywa wanangu wadogo. Huyu mkubwa ana jamaa mtoni, akakamue huko."