Isale la Siku ya Mahafali

Theodora wa kule Uru alikuwa kidato cha tatu, na usinione mzushi nikikuambia kwamba mwaka ule wa 1994 kitu alichokitamani kuliko vyote duniani kilikuwa usingizi. Si gauni, si viatu. Usingizi. Tangu mama yake alipoumia mgongo, kazi ya kumlisha ng'ombe ilimwangukia yeye, na ng'ombe wa bandani hana habari kwamba una mtihani. Saa kumi na moja alfajiri binti yuko bondeni na mundu, saa moja anapandisha kilima na mzigo wa majani kichwani, saa moja na nusu yuko mstarini shuleni, macho mekundu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kuigiza mke kwenye mchezo wa mahafali ya kidato cha nne. Alikubali kwa sababu moja, na darasa zima liliijua: mume alikuwa Primus. Primus wa kidato cha nne, mrefu, mcheshi, sauti ya kwaya. Kila wakimaliza mazoezi alimbebea madaftari hadi njia panda, na kwa wiki mbili Theodora aliona hata uchovu wenyewe una afadhali.

Kumbe. Siku ya Jumatano, katikati ya mazoezi, binti akasinzia juu ya kigoda, mdomo wazi. Primus akasokota ngata ya majani makavu ya mgomba, akamvika kichwani, akawaambia wenzake, "Mke wangu huyu hata usingizini anabeba majani." Ukumbi ukaangua kicheko. Theodora aliamka, akaivua ngata, akaiweka chini.

"Jumamosi nitaigiza, kwa sababu nilimwahidi mwalimu," alimwambia polepole. "Baada ya hapo usinijue, nisikujue."

Wala hakutania. Primus aliomba samahani mara tatu, akaandika na barua, ikarudi haijafunguliwa. Na siku zilikuwa zimekwisha, maana baada ya mitihani alikuwa anakwenda kukaa kwa mjomba wake kule Mkuu, Rombo. Wakiachana hivyo, ndiyo basi tena.

Sasa, ndani ya mchezo ule mume mlevi anamwomba mkewe radhi kwa isale, lile jani la mmea wa uani ambalo kule kwao unampelekea uliyemkosea. Mwalimu wao, mtu wa Tabora, alitaka waende wakakate jani lenyewe kwenye ua wowote. Wanafunzi wakakataa katakata. Isale halichezewi. Anayekuletea isale amejishusha mpaka chini, na wewe huna ruhusa ya kulikataa hata kama alikuchomea nyumba. Basi kwenye mazoezi walitumia kipande cha jani la mgomba.

Jumamosi ikafika. Wazazi wamejaa kwenye mabenchi, bibi yake Theodora yuko mstari wa mbele. Primus akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa isale. La kweli, bichi, limefungwa fundo. Wazee wa mbele wakanyoosha shingo.

"Theodora," alisema, na mke wa kwenye mchezo hakuitwa hivyo. "Ulikuwa umechoka, mimi nikakucheka. Nimekosa."

Hasira zilimpanda, nisikufiche. Kumbana hivyo mbele ya bibi yake! Lakini isale halikataliwi, tena hasira nazo zinataka nguvu, na nguvu Theodora alikuwa ameziacha bondeni tangu alfajiri. Akanyoosha mkono, akalipokea.

"Nimesamehe," alisema. "Ila isale haliliwi na ng'ombe."

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega, na mwalimu akapiga makofi akidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Jumapili Theodora alizinduka jua limeshaingia dirishani. Akakurupuka, moyo unamwenda mbio: ng'ombe! Alipofika bandani alikuta mzigo wa majani, umefungwa ovyo, nusu yake magugu. Primus alikuwa ameuegemea, mundu pembeni, amelala fofofo mdomo wazi, na ngata bado iko kichwani. Safari hii hakuna aliyemvika.

Theodora alimtazama kitambo. Hakumcheka. Alichambua majani mazuri, akampa ng'ombe, kisha akarudi ndani kulala.